Karatasi za Kufungia Karanga

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu wa kikundi chetu cha tuliougua kifua, salama? Mmenisimamisha nishukuru, na nitashukuru, ila kwanza niacheni nitoe hasira zangu.

Mnajua nilikuwa nalima kabichi Mgeta mpaka kifua kikuu kikanilaza. Dada yangu akanichukua kwake, hapo jirani na stendi ya Msamvu. Yeye anauza karanga, na hununua vitabu vikuukuu achane karatasi za kufungia. Nikiwa kitandani, hata mchele siwezi kuchambua, nikawa navisoma kabla hajavichana.

Jamani, waandishi hawana huruma! Mwanamke akikohoa tu sokoni, kurasa chache mbele yuko kaburini. Kitabu kingine, binti kakohoa, kafa, wazazi wanasema ndiyo malipo ya ukaidi wake. Nilikitupa ukutani. Kwani mgonjwa wa kifua hana kazi nyingine kitabuni zaidi ya kuzikwa? Lakini mwenzenu yaliniingia. Nikaona vidonge vya kliniki vya nini kama kufa nitakufa tu, na vinavyonichafua tumbo hivi. Nikaacha kumeza.

Ndipo nikapata kitabu cha mama mmoja wa milimani. Anakohoa, ila kila asubuhi anameza dawa yake na kuuliza kama mbegu zimeota. Huyo nilimpenda. Siku anajifunga kanga aende shambani, nafungua ukurasa: hakuna! Mwisho wote umechanwa.

"Dada, mwisho uko wapi?"

"Watu wameshakula karanga zao wametupa, mdogo wangu. Lala."

Nilipandwa na hasira! Mimi niliyekuwa nashikwa mkono kwenda chooni, nikajikokota mpaka stendi, nikawa naokota karatasi chini ya mabenchi. Abiria wakadhani nimerukwa na akili. Dada akanifuata mbio.

"Unatafuta nini kwenye takataka?"

"Nataka kujua kama alipona!"

Akanishika mabega, analia. "Wa kitabuni unamtafuta! Na vidonge vyako nimevikuta chini ya godoro. Wewe je, utapona?"

 Kesho yake alinirudisha kliniki, na tangu hapo nikameza mbele ya macho yake mpaka nilipoambiwa nimepona.

Dada yangu, asante. Muuguzi uliyenipokea bila kunifokea, asante. Na nyie mnaomtembelea mgonjwa, acheni kumsimulia habari za waliokufa.

Mwisho wa yule mama sijaupata mpaka leo. Ukinunua karanga kwa dada, soma karatasi kabla hujaitupa. Ukikuta amekufa, usije kuniambia. Mimi mbegu zangu zimeota.