Pascalia Ndinda Mutua: Mama Aliyekwenda Mwenyewe

Mama yetu Pascalia Ndinda Mutua alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Wote, Makueni, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Musyoki na marehemu Mama Kalekye. Waliomlea walisema alitembea kabla hajajua kukaa vizuri, na sisi tuliokuja baadaye hatukumwona akikaa. Hata chai aliinywa amesimama.

Alisoma huko Wote hadi darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1980. Alikuwa na mwandiko mzuri, akaona kila jambo linaweza kuandikwa likaisha. Mwaka wa 1985 alimfuata shangazi yake Changamwe, na tarehe 12 Desemba 1987 akafunga ndoa kanisani na Gedion Mutua, karani wa bandarini. Wakajaliwa Fancy na Cindy.

Mwaka wa 2010 alianza kupika mahamri Chaani, ya kuwauzia wafanyakazi wa viwandani. Aliyemfundisha kuyakanda kwa tui la nazi ni Bi Mwanasaumu wa mtaa wa Shika Adabu, ambaye kila Jumatatu alivuka feri na magunia mawili ya nazi. Mahamri ya mwanzo, kabla ya Bi Mwanasaumu, Mzee Mutua aliyala kwa mapenzi tu.

Juni 2019 mfanyabiashara mwenye pikapu alimwahidi Mama nazi zilizokwisha kunwa. Mama alikubali, akamwandikia Bi Mwanasaumu ujumbe wa simu kwamba asilete tena. Jumatatu tarehe 10, Bi Mwanasaumu alifika na magunia yake, akakuta pikapu inashusha mzigo.

"Si nilikutumia ujumbe?" Mama aliuliza.

"Ningeusomaje, mwanangu? Miaka tisa twafanya kazi, wewe hujui kama mimi sikusoma?"

Akageuka na nazi zake. Mama alibaki mlangoni na simu mkononi, akaona haya mbele ya wafanyakazi wake.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alimwendea mchungaji, akamwambia, "Miaka tisa naombea biashara, na aliyeibeba simjui." Mchungaji alijaribu kumpoza, kwamba ulikuwa ujumbe tu. Mama akamkatiza: "Mungu alipotutaka, alituma ujumbe tu? Si alikuja mwenyewe!"

Naye akavuka kwenda Shika Adabu. Bi Mwanasaumu alimkaribisha, akampa maji, kisha akasema, "Nimekusamehe, wallahi. Lakini nazi siuzi tena kwako." Maneno hayo yalimchoma Mama kuliko matusi. Alirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, karibu kila Alhamisi kwa miaka mitano, bila kutaja nazi. Huku Chaani nako kila habari, njema au mbaya, alimpelekea mhusika kwa miguu. Menza, mpishi wake, alilalamika: "Mama, si upige simu? Magoti yakuuma!" Wakati huo Mama alikuwa ameshafika barabarani.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua. Alikuwa mgonjwa msumbufu, kila mara akiulizia viatu vyake. Bi Mwanasaumu alikuja kumwona mara mbili, wakazungumza habari za wajukuu. Wiki ya mwisho Mama alimwagiza Cindy, "Nikiondoka, Mwanasaumu asipigiwe simu."

Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Cindy alivuka feri kabla hajapata hata nafasi ya kulia. Bi Mwanasaumu alipomwona mlangoni peke yake, alielewa. Akauliza, "Watu wangapi mwawatarajia?"

Mahamri mtakayoandaliwa leo yamekandwa kwa tui la nazi zake. Alizileta mwenyewe, magunia mawili.

Mama amewaacha mume wake Gedion, mabinti zake Fancy na Cindy, wajukuu watatu, Menza na wenzake wa jikoni, na Bi Mwanasaumu, aliyeketi nasi hapa mbele.

Bwana aliyetujia mwenyewe ampokee, amvue viatu, ampe kiti. Sasa kaa, Mama. Pumzika.