Ngege Ambazo Hazijazaa

Chamgei, ndugu zangu wa kanisa hili na akina mama wa kikundi. Msinipigie makofi kwanza. Wengine wenu mlikuwa mnaziba pua nikipita, na leo mmenipa kiti cha mbele. Sawa, nimekaa, lakini nitasema.

Mimi niliuza samaki. Ndiyo, mimi Mkipsigis, mke wa boma la ng'ombe. Mume wangu aliangukiwa na mti wakifyeka msitu kupanda chai, akaniachia watoto wanne na ng'ombe mmoja aliyekauka. Wakati huo samaki wa ziwani walikuja kwa gari moshi mpaka Kipkelion, ngege zilizokaushwa kwa moshi, nene, nyama yake nyeupe. Nilizinunua pale stesheni nikazipeleka kwa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa chai, kwa watu wa ziwani waliokuwa wanakufa na hamu ya chakula cha kwao.

Mama mkwe wangu aliposikia harufu alininyang'anya kibuyu cha maziwa. "Mkono ulioshika samaki hautashika kibuyu changu," akasema. "Na usikanyage zizini. Utanikaushia ng'ombe wote." Nawaambia, kwa mwanamke wa kwetu, kunyimwa kibuyu ni kufukuzwa nyumbani ukiwa bado unalala humo. Watoto wangu walipewa mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa kibuyuni, mimi nikanywa maji. Lakini walikula na kuvaa kwa ajili ya zile ngege, kwa hiyo nikasema, wacha waseme.

Sasa sikieni ujinga wangu. Niliuza kitu ambacho sijawahi kutia mdomoni. Wavuvi walipoleta nyavu mpya za nailoni, zenye matundu madogo, ngege zikaanza kuja fupi. Mtu wa ziwani angejua mara moja. Mimi nikadhani ni aina nyingine tu, kama vile kuna ng'ombe wa kizungu na ng'ombe wetu. Tena nikazisifu! "Njooni mpate ngege fupi, tamu kuliko zile kubwa!"

Mteja wangu mmoja, mama wa ziwani anayechuna chai, akanitazama. "Tamu? Umeonja lini?"

Laini nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mama, hii si aina. Hawa ni watoto wa zile ulikuwa unatuuzia. Ngege mama hutunza watoto wake ndani ya mdomo mpaka waweze kujitegemea. Hawa hapa hawajazaa hata mara moja."

Ndugu zangu, hapo nikaelewa. Sisi ni watu wa ng'ombe. Nani hapa anaweza kuchinja mtamba ambaye hajazaa, tena mitamba yote ya boma, halafu akae akingoja maziwa?

Nikamngoja mwenye samaki pale stesheni, bwana wa mashua nyingi. Nikamwomba warudie nyavu za matundu makubwa, hizi ndogo zipate kuzaa. Akanicheka mbele ya watu. "Wewe hata samaki huli, unanifundisha ziwa? Ziwa halina mwisho. Na nikiacha mimi, jirani yangu atavua." Sheria ya matundu ilikuwepo, lakini aliyepaswa kukagua nyavu alikuwa anapelekewa ngege zake nyumbani. Nilikasirika, na bado nina hasira. Siwezi kuwadanganya ndani ya kanisa.

Nikakataa kununua zile ndogo. Nikafikiri wenzangu watakataa pia. Wapi! Waligombania nafasi yangu. Baadaye makasha yakaja nusu, kisha tukawa tunarudi sote na vikapu vitupu. Nilikuwa nimenyimwa kibuyu kwa sababu ya samaki, na sasa hata samaki hakuna. Watoto wakalala njaa.

Hapo ndipo akina mama wa kikundi hiki mlikuja na unga, na wawili wenu mkaenda kuzungumza na mama mkwe wangu. Akaniita mlangoni. Alinisugua mikono kwa majivu ya ule mti wa kusafishia vibuyu, akasugua mpaka ikauma. Halafu akaweka kibuyu mikononi mwangu, nikalia kama mtoto. Akanipa na mtamba. "Huyu usimharakishe," akasema. "Ngoja azae."

Alizaa. Leo nauza maziwa pale Litein. Asanteni kwa ule unga, na asante mama mkwe wangu, uliyekaa pale nyuma ukijifanya husikii. Nilichojifunza ni hiki: mtu akikuambia kitu hakina mwisho, angalia anakitoa kikiwa na umri gani.

Yule mama wa ziwani hununua maziwa kwangu siku hizi. Juzi alikuja na binti yake mdogo, ambaye hajawahi kuona ngege ya kujaza sahani. Yule mama akakishika kibuyu changu, akakigeuza geuza.

"Wewe ulirudishiwa kibuyu chako," akasema. "Sisi ngege zetu nani ataturudishia?"

Nikamjazia maziwa.