Matairi ya Kupandia Mlimani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, mbele ya kibanda cha fundi pancha, pale njia mbili zinapokutana. Ubao umepinda katikati kwa kukaliwa, kwa hiyo anayekaa katikati huwa chini kuliko wenzake, na hapo ndipo anapokaa Difu kila alasiri tangu astaafu. Miaka thelathini na mmoja aliendesha magari ya kampuni ya kuchimba visima, na jina la Difu alipewa na mafundi wa gereji kwa sababu aliweza kuisikia difu, gia zile za katikati ya ekseli, ikilalamika kabla haijavunjika. Kulia kwake hukaa Soli, mshona viatu. Kushoto hukaa Bwana Stempu, aliyekuwa karani wa posta, mtu wa kusoma kila karatasi hata ile iliyofungiwa karanga. Pancha, mwenye kibanda, huchangia akiwa amechuchumaa kwenye beseni lake la maji, na Bibi Birika humimina kahawa na maneno kwa kipimo kile kile. Hii ilikuwa wiki ya sita wanazungumza jambo moja tu: gari kuukuu la Difu, lililoegeshwa hapo kando, lile linalovuta kwa miguu yote minne, livalishwe matairi gani ili lipande mlimani.

Huko mlimani kuna binti yake wa pekee. Anaendesha gari la wagonjwa la zahanati. Miaka mitano iliyopita, alipokuja nyumbani na barua ya kazi mkononi, baba mtu hakumpa hata hongera. Alisema, "Matope ya kule si ya mwanamke. Utakwama siku ya kwanza." Binti akaikunja barua yake, akajibu, "Nikikwama nitakuita." Hakuita. Mwezi wa kwanza Difu aliingoja simu hiyo kwa jeuri, mwezi wa pili kwa wasiwasi, halafu akazoea kungoja tu. Habari zote za mwanawe akawa anazipata jikoni, kwa mama mtu, akijifanya anatafuta chumvi.

Sasa binti amejenga nyumba ya vyumba viwili kwa jasho lake, na anataka wazazi wake waione kabla mvua hazijaifunga njia. Mama mtu alishafunga mzigo, umekaa mlangoni wiki sita, na asubuhi hiyo alikuwa ameuruka tena bila kusema neno. Zilibaki siku kumi mvua zianze. Difu alimwambia mkewe, akaliambia na benchi, kwamba anachongoja ni matairi tu. Ukweli ni kwamba alitamani kumwona mwanawe mpaka kifua kinauma, na alimwogopa.

— Leo tunafunga mjadala, Pancha alisema, akiibana tyubu ndani ya maji kutafuta tundu. Msimamo wangu ni ule ule. Kashata! Tairi hilo la matope lina meno marefu, yameachana, likizunguka linatema tope lenyewe. Hayo yako, Difu, yameshakuwa vipara. Nimekuwekea manne nyuma ya kibanda, watu wananiulizia kila siku, nawadanganya.

— Na lami? Difu aliuliza. Kuna kilomita mia na themanini za lami kabla sijauona huo mlima. Kashata zinaunguruma kwenye lami mpaka meno ya dereva yanacheza.

— Basi chukua ya mseto, nusu lami nusu vumbi.

— Ya mseto ukiyatia kwenye tope zito vijia vyake vinajaa, yanabaki vipara kama haya niliyonayo.

— Sasa ndugu yangu unataka nini?

— Si ndiyo tunajadili?

Soli alikohoa. Alikuwa na kiatu cha mtu magotini, kimepasuka ubavu.

— Ninyi mnahangaika na meno, tatizo ni upana. Mimi nimeshona viatu vya watu wa kila aina. Mwenye kisigino chembamba akikanyaga tope anazama moja kwa moja mpaka akute ardhi ngumu, na hapo anasimama imara. Tairi liwe jembamba!

— Na asipoikuta hiyo ardhi ngumu? Bibi Birika aliuliza.

— Atabaki palepale. Lakini amesimama.

— Hapana, hapana, hapana, Bwana Stempu alisema, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine kama alivyofanya dirishani posta kabla ya kumrudisha mtu nyumbani. Nimesoma habari za tembo. Mguu wa tembo ukikanyaga unatanuka, ukinyanyuka unajikusanya. Haukwami. Tairi linatakiwa pana, bwana, pana!

— Umesoma wapi?

— Karatasi ilikatika palepale penye jina la gazeti.

— Basi tumpe tembo apeleke wagonjwa, Pancha alisema, na benchi zima likatikisika.

Soli hakukubali kushindwa na tembo. Alikiweka kiatu chini.

— Sikilizeni. Aache matairi yake hayo hayo, mimi nitayashonea viatu. Turubai la lori, mishono miwili, misumari chini, kamba ya kukazia juu. Akifika kwenye tope anashuka, analivalisha gari lake. Akitoka kwenye tope, analivua.

— Na soksi?

— Cheka tu. Nani alishawahi kujaribu?

— Mimi naenda mbali zaidi, Bwana Stempu alisema. Difu, gia ya rivasi si ndiyo yenye nguvu?

— Nguvu inayo, siwezi kukataa.

— Haya! Apande mlima mzima kwa rivasi. Taratibu, shingo ameigeuza. Na kuna faida nyingine ambayo hamjaiona. Akifika juu, gari limeshaelekea nyumbani!

Walicheka mpaka Pancha akapoteza tundu lake kwenye maji. Difu naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alijiona mwenyewe humo: mtu anayekwenda kwa mwanawe huku gari limeshaelekea nyumbani. Akainamia kikombe chake ili wasimwone uso. Bibi Birika alimwona, akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Gari dogo la mikate likaingia pembeni likichechemea, tairi la nyuma limelala. Akashuka mama mmoja wa makamo, aproni bado ina unga, akafungua mlango wa nyuma, akalivuta jeki mwenyewe, akaliweka palepale linapotakiwa kuwekwa. Pancha alifika tairi limeshaning'inia.

— Habari zenu, baba zangu.

— Nzuri, mama. Karibu ukae, fundi anakushughulikia.

Soli alisogea. Mama wa mikate akapewa kikombe, na kama ilivyo desturi ya benchi lile, mgeni akikaa huingizwa kwenye mjadala. Walimweleza wote kwa pamoja: meno, upana, mguu wa tembo, viatu vya turubai, rivasi. Akasikiliza akipuliza kahawa yake. Hakucheka. Aliuliza tu:

— Huko mlimani baba unakwenda kwa nani?

— Kwa binti yangu.

— Anafanya nini kule?

— Anaendesha gari la wagonjwa la zahanati, Bwana Stempu alimjibia. Kila siku anapanda na kushuka. Mwaka wa tano huu.

— Ahaa. Na gari lake limevaa matairi gani?

Pancha alimtazama Soli. Soli alikiokota kiatu akaanza kukishona mahali ambapo hapakupasuka. Bwana Stempu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu siku alipoajiriwa, aliushusha mguu alioukunja. Wiki sita! Wiki sita walikuwa wamekaa hapo wanaulizana habari za njia ambayo mtu wanayemjua, aliyekulia mbele ya macho yao, anaipita kila siku ya Mungu. Hakuna aliyewahi kufikiria kumuuliza. Difu peke yake alifikiria, na aliogopa, maana kumuuliza ni kumkubalia kwamba njia ile ni ya binti, si ya baba.

— Sijui, Difu alisema.

— Si umpigie?

Mama wa mikate hakuwa na nia yoyote mbaya. Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa saa akasema tazama ukutani. Difu aliitoa simu. Namba ilikuwamo tangu mwaka wa kwanza. Mkewe aliiingiza kwa siri, akaiandika "Dereva". Difu aliiona siku ile ile, akajifanya hajaiona, wala hakuifuta. Akabonyeza.

Sasa, Difu masikio yake yaliharibiwa na mashine za visima, kwa hiyo simu yake imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Benchi zima likageuka kutazama barabara, kila mtu amejishughulisha, na hakuna aliyekosa neno hata moja.

— Haloo?... Baba? Subiri. Subiri niweke gari pembeni.

Difu alifumba macho. Yeye ndiye aliyemfundisha hivyo: simu na usukani haviendi pamoja. Akaisikia injini ikizimwa, na breki ya mkono ikivutwa.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba.

Hapo alitakiwa aseme mengi. Aliyakusanya miaka mitano, yakaja yote mlangoni kwa mara moja, yakabanana. Akasema:

— Gari lako limevaa matairi gani?

Binti akacheka kidogo, cheko la mtu anayefuta macho.

— Yalikuwa ya kashata, baba. Sasa vipara. Nimeandika barua ya kuomba mapya tangu mwaka jana, wananiambia ningoje.

— Vipara! Kwenye tope lile? Na mgonjwa ndani?

— Natoa upepo, baba. Nikifika kwenye tope natoa upepo mpaka tairi linafanya kitambi, napita, halafu najaza tena kwa pampu ya mguu. Si wewe ulinionyesha? Siku ile ya mtoni. Nilikuwa na miaka tisa.

Difu aliikumbuka siku ile ya mtoni. Aliikumbuka hata gauni alilovaa.

— Siku ya kwanza, alisema. Ulikwama?

— Nilikwama, baba. Kama ulivyosema. Nikashika simu nikuite, nikaona aibu. Ndipo nikakumbuka upepo.

— Ungeita tu, mwanangu.

— Na wewe ungepiga tu.

— Ningepiga, alikubali Difu. Nilikosea. Yale maneno niliyokuambia hayakuwa maneno ya kumwambia mtoto. Hayakuwa hata ya kweli.

Soli alijichoma sindano, asitoe hata mguno. Pancha aliinamisha kichwa kwenye beseni kana kwamba tundu limeanza kuongea.

— Ringi namba ngapi hiyo yako? Difu aliuliza.

— Kumi na sita. Kama yako.

— Haya. Kesho mchana uwe nyumbani. Tunakuja na mama yako.

— Baba, unakuja kweli?

— Endesha taratibu, alisema Difu, na hilo alilisema vizuri kabisa. Akakata simu, akaifuta kwa shati, akasimama. Ubao ukapanda juu na waliobaki.

— Pancha! Yatoe hayo manne.

— Nayafunga sasa hivi! Sogeza gari niinue mbele kwanza...

— Huinui kitu. Yapandishe kwenye keria, uyakaze kwa kamba.

— Juu? Difu, matairi yanafungwa chini, bwana.

— Haya yana mwenyewe. Atayafunga chini huko huko.

Ikawachukua pumzi mbili kuelewa. Bwana Stempu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na kitu. Soli alikuwa ameshakwenda nyuma ya kibanda kulibingirisha la kwanza, na mama wa mikate akalishika la pili bila kuuliza ni la nani. Bibi Birika alitaka kuwamiminia cha kuwaaga, akaliinamisha birika, likatoa matone mawili na machicha.

— Imekwisha, alisema. Nendeni makwenu.

Hakuna aliyeondoka. Walisimama wakiyatazama matairi manne mapya juu ya keria, meno nje, na vile vipara vinne chini vikiyabeba.

— Na wewe mwenyewe? Pancha aliuliza, akikaza kamba ya mwisho. Utapandaje na hivi?

— Nitatoa upepo.

— Na ukikwama?

Difu alikuwa ameshaufungua mlango. Akageuka, uso wote umemlegea kwa furaha.

— Nikikwama nitamwita dereva.