Bi Madoa, Aliyewajua Fisi Wetu Mmoja Mmoja

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani wa chumba cha kadi katika kituo chetu cha utafiti wa wanyamapori atakabidhi funguo mbili za kabati la chuma na kwenda nyumbani kustaafu. Siku hiyo atakuwa amekitumikia kituo hiki miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Barua yake ya kustaafu inamtaja kama Karani Daraja la Pili. Ni cheo kilekile alichoajiriwa nacho, na mwandishi wa wasifu huu anamwomba msomaji asipapite hapo haraka.

Mwandishi mwenyewe ni dereva wa gari la uwanjani. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na Ofisi ya Uhusiano, lakini afisa wake yuko likizo, ikaonekana niandike mimi kwa kuwa nimekaa kiti kimoja na mstaafu miaka kumi na tisa. Nilipewa maelekezo: kurasa mbili, lugha ya kuchangamsha, mafanikio yatajwe, na mambo yaliyokwisha yasifukuliwe. Mambo yaliyokwisha ni fisi tisa waliopigwa risasi bila sababu mwezi Mei. Nitachangamsha kadiri nitakavyoweza, lakini hao nitawafikia.

Tuanze na jina. Kila mtu humwita Bi Madoa, hata mumewe, fundi cherehani mpole, ambaye siku moja alipiga simu getini kuuliza kama Bi Madoa wetu bado yupo kazini au amehamia porini moja kwa moja. Aliajiriwa kwa kazi ya kupiga chapa. Mwaka wake wa pili alikabidhiwa katoni la picha za fisi azitie kwenye bahasha kwa namba. Baada ya siku tatu alirudi kwa mkuu wa wakati ule akamwambia kwamba fisi namba 14 na namba 37 ni mnyama mmoja, na kwamba namba 9 ni wanyama wawili. Wakacheka, wakaangalia, wakaacha kucheka. Tangu siku ile katoni likawa lake.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, kazi yenyewe ni hii. Huwezi kujua wanyama wako wangapi kama hujui nani ni nani, maana mmoja atapita mbele yako mara sita nawe utamwandika mara sita. Fisi hutambuliwa kwa madoa yake. Kila mmoja ana yake, na madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani hata kidogo na ya ubavu wa kulia. Kwa hiyo fisi mmoja anahitaji picha mbili, na mtu wa kuthibitisha kwa macho kwamba mbavu zile mbili ni za mwili mmoja. Bi Madoa alizichora zote kwa penseli kwenye kadi ngumu, kushoto juu, kulia chini, na masikio pembeni pamoja na kila mpasuko wake.

Juu ya kila kadi aliandika jina. Mama Mkwe alikuwa jike ambaye madume yote yalimpisha njia. Koti la Babu alikuwa na mabaka makubwa yasiyo na mpangilio, kama nguo iliyotiwa viraka na mtu mwenye haraka. Mhasibu alikuwa wa kwanza kufika kwenye mzoga na wa mwisho kuondoka, na mhasibu wetu wa wakati huo alilalamika kwa maandishi. Bi Madoa alimjibu, pia kwa maandishi, kwamba fisi huyo hakulalamika.

Alikuwa na sheria moja: kadi haifunguliwi mpaka zipatikane mbavu zote mbili. Picha ya ubavu mmoja iliingia kwenye kopo la biskuti lililoandikwa NUSU, ikangoja mwenzake. Nyingine zilingoja miaka sita. Uwanjani sheria hiyo nilionja uchungu wake mimi, kwa kuwa gari halikuondoka mpaka mnyama ageuke. Kuna fisi alilala kwenye tope kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ubavu wa kulia umezama. Chai ikaisha, mkate ukaisha, na mazungumzo yakaisha. Nilipopendekeza kwa adabu kwamba tumpigie honi, Bi Madoa alinitazama kwa namna ambayo sijapendekeza tena kitu tangu siku hiyo.

Jicho hilo hakuliacha ofisini. Alipoletewa picha za harusi ya binti yake, aliirudisha moja kwa mpiga picha na kijibarua: bwana harusi ana baka shavu la kushoto, na hapa liko kulia, kwa hiyo picha imesafishwa kinyume. Mpiga picha aliapa haiwezekani. Kisha akatazama vifungo vya koti, akaisafisha upya.

Chumbani mwake wamepita watafiti kumi na mmoja waliotoka humu na shahada za udaktari. Wote walikuja hawajui kutofautisha fisi na jiwe lililo mbali. Aliwafundisha, akawasahihishia, akawatolea kadi moja baada ya nyingine na kuzirudisha kwa mpangilio wakishaondoka. Nimezisoma kurasa za shukrani katika vitabu vyao vyote kumi na kimoja. Wapo walioshukuru wazazi, wapo walioshukuru hali ya hewa, na mmoja alilishukuru gari. Yeye hayumo hata mara moja. Nilipomwambia, alisema gari lile kweli lilijitahidi.

Sasa nifike kwenye yale yasiyotakiwa kufukuliwa.

Miaka miwili iliyopita tulipata mtaalamu mpya wa takwimu, na pamoja naye programu ya kompyuta inayolinganisha madoa. Sina ugomvi na programu. Bi Madoa mwenyewe aliifurahia, akaketi wiki nzima akiingiza kadi zake kwa uangalifu. Lakini mtaalamu aliliona kopo la NUSU, akaona na mamia ya picha kutoka kwenye kamera za kutegwa, ambazo hupiga ubavu mmoja tu mnyama anapopita. Akaamuru zote ziingizwe, eti data isipotee, na kadi za penseli ziwekwe kando, eti programu ilinganishe picha kwa picha tu. Programu ikafanya ilichoambiwa: kila ubavu wa kushoto usiojulikana ikauita fisi, na kila ubavu wa kulia usiojulikana ikauita fisi mwingine. Kadi za Bi Madoa zilionyesha fisi mia moja na kumi na watatu. Ripoti ya Januari mwaka huu ikatangaza mia mbili na saba.

Aliandika barua mwezi Februari. Akaandika nyingine Machi, safari hii akiambatisha michoro ya fisi ishirini waliohesabiwa mara mbili, kwa majina. Aliandika ya tatu Aprili. Zote tatu zilipigwa muhuri wa kupokelewa na kulazwa kwenye trei. Alipokwenda mwenyewe kwa miguu yake, nikiwa nimesimama mlangoni na fomu ya mafuta, mtaalamu hakuondoa hata macho kwenye skrini.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu," alimwambia. "Tuachie sisi."

Wafugaji wa jirani walikuwa wamepoteza ndama, na hilo ni kweli, wala siwalaumu. Walikuja kuomba msaada wa kuimarisha mazizi. Badala ya mazizi walisomewa ripoti: fisi wameongezeka karibu maradufu. Ukishasema wameongezeka maradufu, linalofuata ni rahisi. Kikatolewa kibali cha kupunguza fisi arobaini. Neno lililotumika ni hilo, kupunguza, kama vile mtu anapunguza sukari kwenye chai. Katika mia mbili na saba, arobaini ni wachache. Katika mia na kumi na watatu ni zaidi ya theluthi, na anayejua ukoo wa fisi unavyoshikiliwa na majike wakubwa anajua kwamba usingesimama tena.

Wapigaji walifika tarehe kumi na mbili Mei. Kwa siku tatu wakaua tisa. Ngozi zikatiwa chumvi na kuletwa gereji kwetu kwa ajili ya kumbukumbu, na Bi Madoa akaitwa aziandike kwa namba. Nilikuwepo. Alifunua ya kwanza, akasimama, akasema ni Koti la Babu. Nilimjua mimi pia. Alikuwa na miaka kumi na sita na tulimwona akiwa mdogo, bado mweusi kama masizi, kabla madoa hayajatoka. Bi Madoa hakulia mbele yetu. Alizitandaza zote tisa sakafuni kwa mpangilio, akaomba zipigwe picha kushoto na kulia kama picha zote zinavyopigwa, na picha ziingizwe kwenye programu kwa utaratibu uleule wa ripoti, bila mkono wake kugusa chochote. Kisha akaomba mkuu wa kituo na mtaalamu wa takwimu wafike gereji na kompyuta.

Walikuja wakiwa na haraka. Harufu ilikuwa nzito, mkuu akaziba pua kwa leso.

"Daktari, hebu zihesabu ngozi," Bi Madoa alisema.

Mtaalamu alisema ni tisa.

"Sasa nisomee kompyuta."

Alichukua muda. Alisogeza skrini juu, akaisogeza chini. "Kumi na nane," alisema.

"Basi nionyeshe hao tisa wengine, niwatafutie nafasi sakafuni."

Mkuu wa kituo alitoa leso puani, akatoka nje, akapiga simu, na jioni ileile wapigaji wakarudishwa. Fisi thelathini na mmoja waliokuwa wakingojewa kwenye mapito yao wako hai leo kwa sababu ya karani wa daraja la pili. Hayo ndiyo mafanikio niliyoambiwa niyataje, nimeyataja.

Lakini na tisa wale wangekuwa hai. Barua zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikaa kwenye trei miezi mitatu, ina muhuri, ina tarehe, ina namba ya kumbukumbu, na aliyeweka kikombe cha chai juu yake ameacha duara la kahawia hadi leo. Alihitaji dakika kumi za mtu mmoja kumsikiliza. Akaja kusikilizwa gerejini, juu ya ngozi.

Ripoti iliyosahihishwa imetoka wiki iliyopita. Ukurasa wa pili unasema kulikuwa na "hitilafu ya kitaalamu iliyobainishwa na timu ya takwimu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, damu ikinichemka kila mara. Timu ya takwimu ilibainisha nini, na lini? Kwenye shukrani wametajwa wafadhili, watengenezaji wa programu, mpishi wa kambi, na mimi. Mimi nimeshukuriwa kwa jina langu kamili kwa kuendesha gari. Nilikwenda kuomba jina langu lifutwe liwekwe lake, nikaambiwa nakala zimeshachapwa. Nikauliza kama kuna kalamu. Nikaambiwa nisiwe mkorofi.

Sasa kwenye sherehe atapewa ngao ya mbao na saa ya ukutani, na zitasomwa hotuba. Natumaini wasomaji wa hotuba watakumbuka kwamba mstaafu huyu anatambua haraka kilemba cha ukoka, na kwamba akinyamaza si kwamba amekubali.

Jumatatu iliyopita alianza kufunga kadi za wale tisa. Chini ya kila kadi pana mstari wa sababu ya kifo. Miaka yote ameujaza kwa neno moja: simba, mtego, gari, uzee, na mara nyingi haijulikani. Mkuu wa kituo alipita, akasimama kidogo, akashauri kwa sauti ya chini kwamba kwa hawa labda aandike haijulikani, mambo yaishe. Bi Madoa alimshukuru kwa ushauri. Alipoondoka, mama yule aliandika kwenye kadi zote tisa, kwa wino, maneno mawili: Hesabu yetu.

Ameandika yetu, yeye aliyeikataa mara tatu kwa maandishi. Kisha chini yake akaweka jina lake kamili, yote matatu, na sahihi. Nimepekua makabati, nimeuliza masijala: katika kumbukumbu zote za kisayansi za kituo hiki, hizo kadi tisa ndizo pekee zenye jina lake. Waliojiandika kwenye sifa ni wengi. Kwenye lawama amejiandika yeye peke yake.

Bi Madoa, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Mungu akupe afya, na mzee wako akushonee nguo zote alizokuwa akikuahidi, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Nenda kapumzike, umestahili. Sisi tunaobaki, bado.