Keza Nyandwi, Mama Mzazi wa Yohan (1971–2025)

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, daktari alipiga simu kutoa habari ya msiba, na aliyeipokea hakuwa mtu wa damu. Yohan, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa uwanjani kwenye mazoezi. Simu ilimkuta Kiah, kocha wake wa utotoni, akiwa garini hapa Laurel, maana ndiye aliyekuwa akimpeleka marehemu hospitali. Aliegesha pembeni, akalia, kisha akampigia Macaire, mdogo wa marehemu. Baada ya kumpa habari akasema, "Kaka, dada yako atanikasirikia. Nimejua kabla yenu." Macaire alimjua dada yake. Hakubisha.

Keza alizaliwa tarehe 8 Machi 1971 mjini Rumonge, Burundi. Mwaka uliofuata wazazi wake walikimbia mauaji wakiwa wamembeba mgongoni, wakafika Uvira, Kongo. Huko alisoma shule ya msingi, kisha sekondari hadi mwaka wa nne, upande wa ushonaji. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja: hakuvumilia mwanafunzi mwingine ajibu swali ambalo yeye alilijua.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Elie Nyandwi, fundi seremala. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa hadi kambi ya Mtabila, Kasulu, Tanzania, na hapo Mungu akawapa Yohan, tarehe 2 Mei 1997. Elie alifariki kambini mwaka 2005. Wachumba walikuja, Keza akawarudisha wote. Alisema mtoto ni wake na hataki kumgawana na mtu.

Mwaka 2008 walipokelewa Laurel, Maryland. Alifanya usafi hotelini, kisha akatunza wazee huko Columbia kwa miaka mingi, mara nyingi zamu ya jioni. Kwa hiyo mtu mwingine alilazimika kumpeleka Yohan kwenye mpira. Mtu huyo alikuwa Kiah, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akainama kwa heshima: "Shikamoo, mama." Keza alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Aliitikia, akafunga mlango, akamwambia Macaire kwamba yule mwanamke amemzeesha mbele ya mtoto wake. Tangu hapo, kila Yohan aliporudi ameshiba kwa Kiah, mama yake alimpakulia upya na kusimama palepale mpaka sahani iwe nyeupe.

Yohan alikua akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 2020 wachezaji wengi walipiga magoti kupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi. Wengine walipoacha, yeye aliendelea wakati wa wimbo wa taifa, kwa sababu rafiki yake Malik alikuwa amelazwa kifudifudi barabarani na polisi kwa kosa la mtu mwingine. Kanisani kwetu watu waligawanyika. Wengine walisema kijana anasema kweli. Mzee Method alisema bendera hii ilitupokea tukiwa hatuna kitu, na magoti ni ya Mungu peke yake. Keza naye alikuwa na bendera ndogo juu ya friji, ya siku aliyoapishwa kuwa raia, na mwanzoni jambo lile lilimchoma.

Lakini kilichomchoma zaidi kilitoka kwenye televisheni. Yohan aliulizwa nani alimfundisha kusimamia haki, akamtaja Kiah. Keza alizima. "Magoti nilimfundisha mimi," alimwambia Macaire, "asubuhi na jioni, hata kwenye tope la kambi. Huyo alimfundisha mpira."

Jumapili iliyofuata Mzee Method alipoanza tena, Keza alisimama. "Mzee, mtoto wangu nitamkaripia mimi, nyumbani. Ninyi hamkumbeba." Wiki hiyohiyo alisikia Kiah anakwenda uwanjani kumtia moyo Yohan. Akamwomba ampeleke naye. Hakwenda kwa ajili ya haki, kwa maneno yake mwenyewe. Alikwenda ili Kiah asikae pale peke yake kama mama.

Wimbo ulipoanza na Yohan akashuka chini, Keza naye alipiga magoti kwenye saruji, katikati ya viti. Kiah mgonjwa wa magoti alibaki amesimama. Keza alisema alikuwa anaomba, ila jicho moja lilikuwa kwa Kiah. Mtu wa nyuma yao alipiga kelele kwamba arudi kwao. Kiah aligeuka, akamjibu kwa sauti iliyonyamazisha safu nzima, akasimama kati yao mpaka wimbo ukaisha.

"Umenitetea vizuri," Keza alisema garini. "Lakini aliyepiga magoti ni mimi."

"Ni wewe, dada. Mimi nilisimama tu."

Msimu ulipoisha klabu haikumwongezea Yohan mkataba. Akashuka ligi ya chini, anakocheza hadi leo. Keza hakumlaumu, wala hakuruhusu mtu amlaumu.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi. Kiah alimpeleka kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Keza alilalamikia uendeshaji wake, na kilemba cha Kiah kilichoegemea upande mmoja daima. Kila safari alikifungua, akakifunga upya.

Siku zake za mwisho alimwita Kiah kitandani. "Mimi naondoka, wewe unabaki naye. Hilo ndilo linaloniuma." Kiah alimshika mkono. "Wakikuuliza mama yake ni nani, utasema Keza."

"Nitasema Keza."

"Basi siku ya kunivika, kilemba nifunge wewe. Ujifunze."

Marehemu ameacha mtoto, Yohan, mkwe, Amara, mjukuu mmoja, Keza, aliyepewa jina lake, na ndugu zake Macaire na Serah. Ameacha pia Kiah, aliyemlea Yohan pamoja naye. Jina hili aliagiza mwenyewe liandikwe, lakini baada ya ndugu zake.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba, wanawake wa familia walimvika kitenge chake cha bluu. Kiah alifunga kilemba. Alirudia mara kadhaa, na bado kiliegemea kushoto. Serah alinyoosha mkono akirekebishe. Yohan, aliyekuwa amepiga magoti kando ya jeneza, akamwomba akiache. Tukaomba, tukafunika.

Mungu ampe Keza, mama wa Yohan, pumziko la amani.