Historia ya Fundi Pedi, Kama Alivyotaka Isomwe

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza, naomba mketi, na wenye viti wawapishe wenye miguu mibovu, kwa sababu historia hii si fupi. Mimi ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na kamati ya mazishi imenikabidhi karatasi iliyochapwa vizuri, aya nne, inayosema kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme. Karatasi hiyo ninayo hapa, nimeikunja, na sitaisoma. Marehemu hakuwahi kuuza hata balbu moja, kazi yake ilikuwa kutengeneza pedi za gemu, zile za kushika mkononi, za kuchezea mashine za zamani zinazochomekwa kwenye televisheni, na siku tisa kabla hajafa aliniita kando ya kitanda akaniambia, "Siku ile msinifiche. Semeni nilikuwa fundi wa pedi, basi." Nikamwahidi. Nilikwisha kumkosea katika jambo kubwa kuliko hilo, mtalisikia likifika mahali pake, kwa hiyo hili dogo alilolitaka nitalitimiza, anayeudhika na audhike.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 11 Machi 1971, katika chumba cha mbele cha nyumba hii, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu baba yetu, aliyekuwa karani wa ghala, na marehemu mama yetu, aliyekuwa mshonaji. Alizaliwa na kilo mbili na robo, na mama alikuwa akisema kwamba hata kulia alilia kwa adabu, kama mtu anayeomba samahani kwa kuwaamsha wenzake. Tabia hiyo alikua nayo, na sisi ndugu zake tuliitumia vibaya tangu akiwa na nepi.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia Januari 1979 hadi Novemba 1985, kisha akaingia sekondari ya kutwa mwaka 1986 na kumaliza mwaka 1989. Mwezi Desemba 1987 mjomba wetu, fundi wa redio, alituletea mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, haina kifuniko, ikiwa na pedi moja tu, na Kaka Mkubwa, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliishika pedi hiyo likizo nzima, marehemu akawa anatazama. Tarehe 2 Januari 1988 marehemu alichukua bodi ya pedi mbovu aliyopewa na mjomba, kopo la majani ya chai na vitufe vya kikokotoo cha baba, akajitengenezea ya kwake, na siku hiyo hiyo akamfunga Kaka Mkubwa mara nne mfululizo. Kaka Mkubwa anasema hakumbuki. Baba aliporudi kutoka kazini akakuta kikokotoo chake hakina meno, akamchapa marehemu kwa mkanda mpaka mama akaingilia kati. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na hiyo ndiyo tuzo aliyoipata kwao.

Jumatatu ya tarehe 2 Julai 1990 aliajiriwa katika kiwanda cha maboksi kilichoko mwisho wa barabara yetu, kwenye mashine ya kukata, na siku ya Ijumaa, tarehe 19 Novemba 1993, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mashine hiyo ilimkata kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kinga ya ile mashine ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba tangu mwezi wa sita, ili kazi iende upesi, na kila mtu kiwandani alijua, na wengi wenu mliokuwapo mko hapa leo mmevaa nyeusi. Barua ya kuachishwa kazi ilimfikia tarehe 14 Februari 1994, ikisema kwamba hafai tena kwa majukumu yake. Alipotoka hospitali tulimkuta anacheka, akatuambia kwamba amebaki na vidole vinane, na pedi ya mashine ya zamani ina vitufe vinane, kwa hiyo wametoshana. Mama alitoka nje kulia. Mimi nilicheka naye, na sasa ninajua kwamba hakuwa anatania, alikuwa anapanga kazi.

Mwezi Mei 1994 alihamia kwenye chumba cha nyuma, kile cha karibu na karo la kufulia, akaanza. Pedi ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, ubao mpana wa kuweka mapajani, wenye vitufe vya kengele ya mlango vilivyopangwa mahali ambapo vidole vyake vilivyobaki vingevifikia. Ya pili ilikuwa ya mwenzake wa kiwandani mnayemwita Nusu, yule aliyesimama karibu na lango, ambaye mashine hiyo hiyo ilimwachia vidole sita. Baada ya hapo wakaja wengine, mwalimu wa hesabu aliyestaafu akiwa na mkono unaotetemeka, mama muuza mikate aliyeungua viganja, watu wa ajali, watu wa kiharusi, na kutoka kiwandani peke yake watu kumi na saba. Niliwahi kumuuliza kwa nini anahangaika na mashine kuukuu wakati mpya zimejaa madukani, akanijibu kwamba mashine mpya zimetengenezewa watu wenye mikono mizima, zina vitufe kama choroko, lakini za zamani zina vichache, na mtu mwenye vidole vichache zinamtosha. Hapa mtaani mlimwita mzee wa midoli. Ndevu zimejaa kidevuni, mlisema, lakini bado anacheza. Wale waliokuja kwake hawakumwita hivyo, kwa sababu mtu ambaye hawezi tena kufunga kifungo cha shati lake, akikaa jioni na mwanawe na kumfunga mabao matatu kwenye gemu, anajua kilichofanyika pale si midoli.

Naomba mnisikilize vizuri kuhusu namna alivyofanya kazi, kwa kuwa kosa letu limo humo. Marehemu hakupima mkono kwa futi. Alichukua nta ya mishumaa, akailainisha kwenye maji ya moto, akampa mteja aifumbate kama angefumbata pedi, akamwambia asijikaze, na nta ikipoa inakuwa imeshika umbo la mkono ule, pale panapobonyea, pale panapokosekana, pale panapouma. Kutokana na nta hiyo ndipo alipochonga mbao, na kila nta aliihifadhi rafuni, imekwaruzwa kwa msumari jina la utani la mwenyewe, Nusu, Mwalimu, Mama Mkate, kwa sababu mbao huchakaa na kila baada ya miaka michache ilibidi achonge upya, na wengine mikono yao ilizidi kuharibika wasiweze tena kufumbata. Alizoea kusema kwamba mbao zitapatikana, nyaya zitapatikana, ila mkono wa mtu hauuzwi dukani. Hadi mwaka huu unaanza, nta hizo zilikuwa arobaini na moja.

Jumamosi, tarehe 26 Agosti 2000, marehemu alifunga ndoa na wifi yangu, fundi wa kushona mikoba, ambaye alikuja dukani kwa mjomba kununua tochi, akamkuta marehemu akitafuta nyaya, akaondoka na mume. Wifi ndiye aliyevisha mishikio ya pedi ngozi ili isichubue makovu. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 2003, ambaye sasa anasomea ufundi wa mitambo, na ambaye tangu akiwa na miaka saba alijua kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya kwenye bodi bila kuunguza waya.

Mwaka 2006 baba alipata kiharusi. Nawaomba wale waliosema baba na mwanawe hawakupatana wasikie hili, kwamba tarehe 9 Septemba mwaka huo baba alijikokota mwenyewe, kwa fimbo, kutoka chumba cha mbele hadi chumba cha nyuma, akanyoosha mkono wake wa kulia, mkono uliowahi kushika mkanda, akasema, "Na mimi nipime." Wakacheza pamoja miaka mitatu, kila siku baada ya chakula cha mchana, baba akishindwa na kulalamika kwamba anaibiwa, mpaka baba alipofariki tarehe 30 Oktoba 2009. Nta yake ilibaki rafuni, imeandikwa Mzee.

Mwaka 2015 marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari, akakivumilia, na tarehe 3 Februari 2023 figo zilipogoma alilazwa hospitali ya wilaya, ambako alikaa siku arobaini na tatu. Wifi na binti walikuwa naye huko zamu kwa zamu, na ufunguo wa chumba cha nyuma niliachiwa mimi. Kaka Mkubwa alinipigia simu akasema kwamba wageni watakuja kumtazama mgonjwa na hawana pa kulala, kwa hiyo takataka zile zitolewe chumba kipakwe rangi. Sikubisha. Vyuma na bodi vilichukuliwa na mnunuzi wa chakavu kwenye mkokoteni, mbao zikawa kuni, zikabaki zile nta kwenye ndoo. Jumatatu ya tarehe 20 Februari umeme ulikatika na haukurudi kwa siku sita, madukani mishumaa ikaisha, nami nikayeyusha nta zote kwenye sufuria, nikazimimina kwenye makopo ya maziwa, nikatia uzi.

Nisiseme sikuona. Niliona alama za vidole, niliona majina, na donge lenye jina Mzee nililishika mkononi mwangu, kidole gumba changu kikaingia mahali pa kidole gumba cha baba, na bado nikalitia jikoni, kwa sababu nilikuwa nimechoka, kwa sababu giza linaudhi, na kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nimesikia kwamba vitu vya kaka yangu ni takataka, nami nikaamini. Hilo nililiyeyusha peke yake, maana lilikuwa kubwa. Na mshumaa uliotoka humo, Kaka Mkubwa, ndio niliokuwekea mezani ukasomea gazeti. Sikukwambia wakati ule, nakwambia leo mbele ya watu, kwa kuwa zile aya nne uliziandika wewe.

Marehemu aliruhusiwa kurudi nyumbani Jumamosi, tarehe 18 Machi 2023. Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, akauliza nta ziko wapi, nikamwambia. Akauliza hata ya baba, nikasema hata ya baba. Akazitazama kuta, akasema, "Mmepaka rangi nzuri." Ni hivyo tu, kwa adabu yake ile ile, na laiti angenitukana, ningekuwa na kitu cha kujibu.

Wiki iliyofuata binti yake aliwapigia simu wateja waje kupimwa upya. Kati ya arobaini na moja, kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufa au hawajulikani waliko, Mwalimu alikuja lakini mkono wake haukuweza tena kufumba, na kwa waliobaki mikono ya marehemu mwenyewe ilikuwa imevimba, patasi ikamponyoka mara tatu. Aliiweka chini, hakuishika tena. Alifariki Jumapili, tarehe 4 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, siku sabini na nane tangu aione rafu tupu, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Cheti kimeandikwa figo. Sina elimu ya kubishana na daktari, ninachojua ni kwamba figo ziliugua miaka minane akiwa anafanya kazi, zikammaliza ndani ya miezi mitatu akiwa amekaa bure.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, ambao walifanya yao yote na hawakuchelewa. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na sufuria, pamoja na nyinyi watatu niliowagawia mishumaa ile, hamkujua, hamna kosa. Tunaushukuru uongozi wa kiwanda kwa shada, tumelipokea, na tunawashukuru zaidi wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi leo asubuhi kwa mikono waliyobakiwa nayo. Tunaishukuru kamati ya mazishi kwa karatasi yao. Wifi, na wewe mwanangu, kwenu sina shukrani inayotosha, nina aibu, na aibu hiyo nitaishi nayo humu humu ndani pamoja nanyi.

Jambo la mwisho. Nimeona baadhi yenu mmekuja na pedi zenu mmezifunga kwenye vitambaa, na Nusu ameniambia mnataka kuziweka kaburini pamoja naye. Nawasihi msifanye hivyo. Rudini nazo nyumbani, mzitumie taratibu, mzikinge na maji na watoto, kwa sababu ikivunjika hakuna tena pa kuipeleka, na palipokuwepo ni sisi tuliopavunja.

Kaka yangu, fundi wa pedi, pumzika kwa amani ambayo kwetu hukuipata.