Papa Zéphirin, Mtunza Majina ya Watu

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika biro yetu ya tafsiri hapa Majengo, Goma, Papa Zéphirin Havugimana anastaafu tarehe 31 Desemba 2021. Amechoka, wala hafichi. Nasi tumechoka, ila sisi bado tuna zamu.

Alirudi kutoka masomoni Kiev akijua Kirusi, Kiukreni na Kipolandi, lugha ambazo Goma nzima ilidhani ni moja. Kosa lake kubwa alilifanya mwaka wa kwanza. Padri mzee wa Kipolandi alimletea atafsiri kumbukumbu za kijiji chake, ambamo aliwataja majirani Wayahudi: Żyd. Zéphirin alikuwa amefundishwa na Warusi kwamba zhid ni tusi, na kwamba mwenye adabu husema yevrei, neno la ukoo mmoja na “Mwebrania”. Basi, akidhani padri anatukana, akaweka tusi la Kiswahili, na vitabu mia mbili vikachapwa. Padri aliposoma alilia. Kwao Żyd ni jina la kawaida, na majirani wale waliuawa vitani. Neno lenyewe ni moja, limetoka kwenye Kilatini, Judaeus; wanaolisema ndio waliotofautiana. Papa alibandika masahihisho kwa mkono, kitabu kwa kitabu.

Tangu hapo kila jina la watu aliliandikia kadi: limetoka wapi, nani humwita nani, na kwa moyo gani. Wageni wa kazi aliwaambia: “Muulize kwanza benyewe banajiitaka namna gani.” Kadi zote ziliungua kwa volkano ya 2002. Akaanza upya, huku akiulalamikia mgongo.

Kisha ukaja uasi mwingine, tumeacha kuhesabu. Mkubwa mmoja mwenye silaha alileta tangazo lililowaita majirani zetu wa Masisi kwa jina la wadudu. Papa alimjibu kwamba jina hilo analijua, kadi yake anayo, na hatalitafsiri. Wakamfunga siku kumi na saba.

Tangazo lilitoka hata hivyo, na familia nne zikakimbia kutoka Katoyi, huko Masisi. Wenzangu hamjui ni nani aliyelitafsiri. Ni mimi, Bienvenu Buhendwa. Niliogopa. Papa alipofunguliwa alilisoma ukutani, akautambua mwandiko wangu, kisha akaniletea kazi ya siku hiyo kama kawaida. Hajanisema hata mara moja.

Asante, Papa. Tunakutakia siku tulivu nyumbani huko Keshero pamoja na mkeo, Mama Léonie, na mgongo upone. Lakini kabla hujatoka leo, nakuomba, nigombeze.